Gurudumu Si Unyayo

Siku walipomzika Clemensi, mdogo wake Qamara alichukua kila kilichokuwa nje. Alichukua koti la mvua lililokuwa limeanikwa uani kwa jirani, akachukua shoka lililokuwa limeazimwa, akachukua na beberu aliyekuwa akichungwa pamoja na mbuzi wa mama yao. Kitu kimoja tu hakuweza kukichukua, na ndicho alichokitaka kuliko vyote. Baiskeli. Ilikuwa ndani, imeegemezwa ukutani karibu na kitanda alichofia marehemu, na mlangoni alikuwa amekaa mjane, Marsela, mikono magotini, anamtazama.

Nyumba ilikuwa imeingia metimani. Kwa Wairaqw, yaani Wambulu, wa Karatu wa miaka ile, metimani ni kutengwa kwa ajili ya kifo. Mjane anakaa ndani ya mipaka ya shamba lake mwaka mzima. Haendi gulioni, haendi kisimani, haendi kupiga soga kwa mtu. Unyayo wake haukanyagi njia wanayopita watu na ng'ombe wao. Na kitu chake hakishikwi. Atakayekishika, hata kwa bahati mbaya, naye ameingia metimani, akae kwake peke yake miezi mitatu.

Basi Qamara akasimama nje ya ua wa minyaa, anaichungulia ile baiskeli kupitia mlango ulio wazi kama mtu anayechungulia chungu cha nyama kwa watu.

"Itunze, shemeji," akasema.

"Ni ya kwangu. Kwa nini nisiitunze?"

"Ya kwako!" Qamara akacheka. "Mwaka ukiisha nitakuja kuchukua baiskeli, nitachukua na kazi ya kaka, na wewe nitakuchukua. Bado sijaoa, unajua."

Marsela alikuwa na miaka ishirini na mitatu, hakuwa amejaliwa mtoto, na machozi yalikuwa bado hayajakauka. Lakini hesabu ile ya vitu vitatu ilimkaa kifuani kama tonge lililokataa kushuka. Baiskeli, kazi na mke. Alikuwa amehesabiwa wa mwisho.

Hiyo ilikuwa Aprili ya mwaka wa sitini na mbili, mvua zikinyesha. Clemensi alikuwa tarishi wa kambi ya barabara kule juu Ngorongoro, kwenye ukingo wa kreta. Basi la Arusha lilishusha mfuko wa barua dukani Karatu, naye kila Jumatano na Jumamosi aliupandisha kwa baiskeli, maili kumi na nane, tisa katikati ya mashamba na tisa ndani ya msitu. Mvua ya Aprili ilimkuta njiani, kichomi kikamshika, na siku ya tano akaondoka.

Wiki za kwanza Marsela aliifuta tu vumbi. Akaitia mafuta ya kondoo kwenye cheni, maana Clemensi alikuwa akiichukia kutu kuliko nzi. Kisha siku moja, kwa kukaa bila mtu wa kusema naye, akaitoa nje akaikokota kuizunguka nyumba. Kesho yake akaizungusha tena. Siku ya tatu akapanda juu ya jiwe la mlangoni, akavusha mguu upande wa pili wa kile chuma cha katikati, akajisukuma. Akaanguka kwenye mbaazi.

Akaanguka mara nyingi sana. Akachubuka magoti, akang'oa kucha ya kidole gumba, akavunja mtungi. Lakini mwaka mzima ni mrefu na uwanja ulikuwa wake, nani angemzuia? Kufika Juni alikuwa anaizunguka nyumba mizunguko hamsini bila kushusha mguu, kanga imefungwa kiunoni, kuku wakimpisha. Kasoro ilikuwa moja. Kwa kuwa alijifunza kwa kuizunguka nyumba, na kuizunguka upande mmoja tu, alijua kukata kona ya kushoto peke yake. Akijaribu kwenda kulia, baiskeli ilimkatalia kama punda, wakalala chini wote wawili.

Majirani walikuwa wakimwona kwa mbali juu ya ua, kichwa kinapita, kinapotea nyuma ya nyumba, kinatokea tena.

"Msiba umempanda kichwani," walisema.

Mama mkwe wake, Antonia, ndiye aliyekuwa akimletea unga na maji. Alimimina kutoka kwenye debe lake kwenda kwenye debe la Marsela lililowekwa juu ya jiwe la mpakani, kutoka juu, vyombo visigusane. Kisha alirudi nyuma hatua kumi ndipo waliposalimiana. Antonia hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa amezika mtoto.

*

Habari aliileta Mwamini, mwenye duka. Mumewe, Omary, alikuwa amekwenda kwao Kondoa, duka likawa mikononi mwake. Mwamini alikuwa Mrangi, Mwislamu, na mambo ya metimani hayakumhusu. Alikuja moja kwa moja hadi mlangoni kwa Marsela, akaketi kwenye kigoda, akaomba maji ya kunywa.

"Mwenzangu, wewe hukohoi, huna ndui, wanakuogopa nini?" akasema. "Haya, sikiliza. Barua imetoka kambini. Vibarua walioshika nafasi ya marehemu wameacha, mfuko wa barua umelala dukani kwangu wiki tatu, hakuna wa kuupeleka. Karani wa kambi amechoka. Anasema hivi." Akatoa karatasi kifuani, akaisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. "'Yeyote atakayefika hapa Jumamosi kabla ya saa sita mchana, akiwa na mfuko na baiskeli yake mwenyewe, atapewa kazi ya tarishi.'"

"Yeyote?"

"Yeyote. Nimeisoma mara mbili."

"Qamara ameshaisikia?"

"Aliisikia kabla sijamaliza kuifungua. Ameshakwenda kwa wazee kuomba baiskeli."

Na kweli, Alhamisi asubuhi wazee watatu walifika, wakasimama nje ya ua, Mzee Tluway mbele yao. Mzee Tluway ndiye aliyekuwa akisikilizwa katika mambo ya namna ile. Alikuwa mfupi, ana fimbo ndefu kuliko yeye, na alipenda kunusa ugoro kabla ya kutoa neno, watu wasubiri. Qamara alisimama kando yake, amevaa lile koti la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka.

"Wazee wangu," Qamara akaanza, "hiki ni chuma. Chuma hakina mume wala mke. Baiskeli itafiwaje?"

"Imelala chumba kimoja na maiti," akasema mzee mwingine.

"Sikatai. Lakini babu zetu walikataza nini? Walikataza unyayo. Msiba unatembea kwa nyayo, ndiyo maana mjane hakanyagi njia. Sasa baiskeli ina nyayo? Ioneni! Iosheni kwa maji ya dawa, nami nitaipanda, miguu yangu iko juu, itadhuru nini?"

Wazee wakatazamana. Mzee Tluway akanusa ugoro, akapiga chafya, akajifuta.

"Anachosema kina sura," akasema. "Gurudumu si unyayo. Baiskeli ioshwe, ipite njiani."

Marsela alikuwa amesimama mlangoni pake, mbali nao. Akapaza sauti.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba, binti."

"Upepo umeniharibia. Umesemaje?"

"Nimesema gurudumu si unyayo. Baiskeli inaruhusiwa kupita njiani."

"Na mtu aliyekaa juu yake?"

"Huyo miguu yake haigusi chini, mama."

"Kwa hiyo mtu akiwa juu ya baiskeli hajakanyaga njia?"

"Hajakanyaga," akasema Mzee Tluway, na hapo hapo akabaki mdomo wazi, kama aliyeng'atwa na siafu.

Marsela akatabasamu, mara ya kwanza tangu Aprili.

Qamara ndiye aliyechelewa kuelewa. Alipoelewa akaruka. "Hapana! Mimi nilisema mimi! Anacheza na maneno huyu!"

"Maneno uliyaleta wewe," mzee akamwambia bila kumtazama. "Mimi nimeyapitisha. Yakishapita kwangu hayarudi." Kisha akaigeuza fimbo akaielekeza kwa Marsela. "Lakini nawe nisikie vizuri. Jumamosi jua likichomoza tutakuja kuiosha. Baiskeli tu, si wewe, wewe mwaka wako haujaisha. Ukitoka juu yake, utoke. Lakini unyayo wako ukigusa njia ya watu, hata kidole, kutoka hapa mpaka pale mashamba yanapokwisha, hutarudi kwenye nyumba hii. Utaondoka nchi ya Karatu bila kuaga mtu."

"Nimesikia, babu."

"Na baiskeli itabaki," Qamara akaongeza haraka.

"Itabaki," mzee akakubali.

Ijumaa jioni Antonia alimimina maji kama kawaida, akarudi nyuma hatua zake kumi. Hakuondoka.

"Suruali ya Clemensi ipo?" akauliza.

"Ipo, mama."

"Vaa hiyo. Gauni litanaswa na cheni."

Marsela akamtazama. "Mama, Qamara naye ni mwanao."

"Namjua niliyemzaa. Ndiyo maana nakwambia vaa suruali."

*

Jumamosi wazee walipofika na kibuyu cha maji ya dawa na majani yao, walimkuta ameshapanda. Anaizunguka nyumba. Suruali ya marehemu imekunjwa vifundoni, kitambaa cheupe kichwani, katambuga za tairi miguuni. Nje ya ua walikuwa wamejaa watu, wengine hata chai hawajanywa.

"Simama tuoshe!" wakamwambia.

"Siwezi kusimama, babu! Nikisimama nitashuka, na nikishuka nitawachelewesha! Nioshee nikipita!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Tluway alisita. Ilikuwa aibu kwa mzee kama yeye kukimbizana na gurudumu. Lakini neno alikuwa amelitoa, na pengine, nani ajuaye, alitaka aone mwisho wake. Akachovya majani, akangoja kona ya nyumba, na Marsela alipotokea akanyunyizia gurudumu la mbele, kisha la nyuma.

"Imeoshwa!" akatangaza. "Baiskeli. Mtu bado."

Marsela akapita mwanya wa ua, akaingia njiani.

Njia ilikuwa inateremka. Kutoka pale hadi madukani si mbali, uji haujachemka umeshafika. Lakini yeye hakuwa amewahi kuendesha mahali penye mteremko, wala mahali pasipo na kona. Upepo ukamvuma usoni. Baiskeli ikapata kichaa. Breki alikuwa akizijua lakini alizisahau, akabaki ameshika usukani kwa nguvu zote, watu wakikimbia nyuma yake, Qamara mbele yao akipiga kelele kila hatua: "Ameshusha! Hapana. Ameshusha! Hapana bado!"

Duka la Mwamini lilikuwa ng'ambo ya barabara kuu. Barabara ya kwenda Ngorongoro ilikuwa mkono wa kulia. Na kulia, kama tulivyosema, baiskeli ilikuwa haiendi. Marsela akakata kushoto, akazunguka uwanja wa mbele ya duka mzunguko mzima kama anaizunguka nyumba yake, vumbi jekundu likapanda.

"Mwamini! Mfuko!"

Mwamini akatoka mbio, mfuko wa turubai kifuani, baibui limemwangukia mabegani. "Simama basi!"

"Sisimami! Nining'inizie!"

Mzunguko wa kwanza akamkosa. Mzunguko wa pili mfuko ukagonga goti la Marsela, nusura wote waanguke. Watu sasa walikuwa wamepanga duara, wanaume wametoka kwenye kahawa yao, hata dereva wa lori la ngano amezima injini.

"Daftari!" Mwamini akakumbuka. "Lazima utie sahihi!"

Mzunguko wa tatu Marsela alikamata nguzo ya baraza kwa mkono wa kushoto. Baiskeli ikasimama, imeinama, miguu yake miwili juu ya pedeli ikitetemeka. Mwamini akamvisha mkanda wa mfuko begani, akampa kalamu, akamwekea daftari juu ya usukani. Marsela akaandika jina lake. Herufi zilikuwa kubwa, maana shule aliishia darasa la tatu.

"Ameshika nguzo!" Qamara akapaza sauti. "Ameshika kitu cha watu! Wazee, mmeona!"

"Nguzo ni ya kwangu," Mwamini akamjibu, mkono kiunoni. "Mimi si Mbulu, mume wangu si Mbulu, na nguzo yangu haijawahi kufiwa. Una lingine?"

Marsela akajisukuma kutoka kwenye nguzo. Na ndipo mkanda wa katambuga ya kulia, uliokuwa umelegea kwa mitetemo ya mteremko, ukaachia. Katambuga ikaanguka katikati ya barabara.

Macho yote yakaifuata.

Qamara akaruka kama paka. Akaiokota, akaiinua juu ili kila mtu aione.

"Haya! Unyayo wake huu hapa! Umeanguka njiani, umegusa! Mzee Tluway, useme sasa! Huu si unyayo?"

Aligeuka kuwatazama watu, katambuga ikining'inia mkononi, na akaona jambo ambalo hakulitegemea. Watu walikuwa wanarudi nyuma. Rafiki zake waliokimbia naye tangu kule juu walikuwa wa kwanza. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake kwa nguvu, akamficha nyuma ya kanga.

Mzee Tluway alikuwa amefika, anahema juu ya fimbo yake. Aliitazama ile katambuga, akamtazama Qamara usoni.

"Mguu wake uko juu ya pedeli," akasema pole pole. "Wote tunauona. Kiatu si mguu. Lakini Qamara, mwanangu, tuliosha nini asubuhi?"

"Baiskeli."

"Na viatu tuliviosha?"

Qamara akaitazama katambuga kana kwamba sasa hivi imegeuka nyoka. Akaitupa chini. Akajifuta mkono kwenye koti la kaka yake.

"Umeshachelewa," akasema mzee. "Okota kitu chako, nenda nyumbani. Usipite katikati ya watu, pita kule korongoni. Miezi mitatu."

Marsela hakungoja kusikia zaidi. Alikuwa ameshaugeuza mzunguko wake, ameikuta barabara, anapanda.

*

Maili tisa za mashamba. Ngano upande mmoja, mahindi yaliyokauka upande mwingine, ukungu wa Julai umelala mabondeni. Mguu wa kulia ulikuwa mtupu, na meno ya pedeli yalimng'ata wayo kila akikanyaga. Wanawake waliokuwa wakipura maharage waliinua vichwa. Habari zilikuwa zimemtangulia, sijui kwa njia gani, maana Karatu habari haihitaji baiskeli.

"Marsela! Inua miguu!" mmoja akapiga kelele, na haikujulikana kama anamzomea au anamtia moyo.

"Imeinuka!" akajibu. "Inua ya kwako!"

Alijifunza mambo mengi katika maili zile ambayo uwanja wake haukumfundisha. Alijifunza kwamba mlima unapandwa kwa kwenda upande upande, na kwamba mtu akitazama mbali anachoka, akitazama gurudumu la mbele anafika. Alijifunza kukata kulia. Hilo lilitokea lenyewe, alipokwepa shimo, na alishangaa hadi akacheka peke yake. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi hivyo, naye amelilia mbaazini miezi mitatu.

Mahali barabara inapobanwa na kingo za udongo akakutana na ng'ombe. Wamejaa barabara nzima, pembe kwa pembe, wanateremka. Mbele yao kijana wa Kimaasai, shuka nyekundu, mkuki begani.

"Mama, shuka! Ng'ombe wapite!"

"Siwezi kushuka! Wapishe wewe!"

"Kwa nini hapana shuka? Wewe nafungwa?"

"Nimefungwa, ndiyo!"

Kijana akamtazama kuanzia kitambaa hadi mguu mtupu. Jina lake lilikuwa Kasaine, Marsela alikuja kulijua baadaye, maana walikutana Jumamosi nyingi. Akapiga mluzi mmoja mrefu, na ng'ombe, ajabu, wakajigawa huku na huku, pakabaki kijia chembamba katikati chenye joto na harufu ya maziwa na kinyesi. Marsela akapita, mikia ikimpiga mapajani.

"Sijaona mtu naogopa ardhi namna hii!" Kasaine akamfuata kwa sauti.

"Siiogopi!" Marsela akamrudishia bila kugeuka. "Ndiyo inayoniogopa mimi!"

Kisha hapakuwa na mtu. Mashamba yalikuwa yanaelekea kwisha, msitu umesimama mbele mweusi kama ukuta, na kati yake na msitu ulikuwepo mlima mmoja. Si mrefu. Ila umesimama. Juu kabisa lilionekana jiwe jeupe walilopaka watu wa barabara kuonyesha mwanzo wa msitu. Hapo ndipo mashamba yalipokwishia, na baada ya hapo ardhi haikuwa ya mtu.

Alifika katikati. Magoti yakakataa. Baiskeli ikawa inakwenda polepole kiasi kwamba alisikia kila punje ya mchanga ikipasuka chini ya tairi, usukani unayumba, na mguu wa kulia ukaanza kushuka wenyewe. Ulishuka hadi wayo ukahisi ubaridi wa ardhi, bado upana wa mkono.

Hapakuwa na mtu wa kumwona. Qamara alikuwa korongoni na katambuga yake. Mzee Tluway pengine ameshalala kibarazani. Angekanyaga hatua kumi tu, akapumua, akapanda tena, nani angejua?

"Mimi," Marsela akasema kwa sauti. "Na Jumatano nikipita mbele ya uso wa yule mzee nitainamisha macho. Siinamishi!"

Akanyoosha mkono akakamata tawi la mti ulioinamia barabara. Baiskeli ikasimama. Akaning'inia pale, mguu mmoja kwenye pedeli hii na mwingine kwenye ile, kama popo, akalia kidogo, akamtukana Clemensi kwa kufa, akamwomba radhi, akapumua. Alipomaliza akalivuta lile tawi kwa nguvu zote, akajirusha mbele, akakanyaga pedeli kwa mguu ule ule mtupu, damu na yote, na hakutazama tena jiwe mpaka lilipompita ubavuni.

Hapo akashuka. Alishusha mguu mtupu kwanza, wote, kisigino na vidole. Ardhi ilikuwa na umande. Akaketi pale pale barabarani, mfuko mapajani, akicheka kama mwendawazimu.

Maili tisa za msitu aliikokota zaidi kuliko kuipanda, na hakuona aibu. Saa tano na nusu, kwa saa ya ukutani ya kambini, alisimama mbele ya meza ya karani. Karani aliitwa Abbasi, mtu mwenye miwani na skafu ya sufu kwa baridi ya kule juu. Aliutazama mfuko. Akatazama suruali. Akatazama mguu.

"Qamara yuko wapi? Niliambiwa anakuja Qamara."

"Ameugua mkono."

"Na wewe ni nani?"

"Tarishi."

Abbasi akavua miwani. "Mama, hii ni kazi ya mwanamume."

"Barua yako ilisema yeyote, Bwana Karani. Imesomwa mara mbili. Kama ulitaka kuandika mwanamume, wino uliisha?"

Wafanyakazi waliokuwa mlangoni wakacheka, mmoja akapiga makofi. Abbasi akauchunguza muhuri wa mfuko, akaukuta mzima. Akalifungua daftari lake.

"Jumatano mvua ikinyesha?"

"Nitalowa."

Karani akachovya kalamu. "Jina."

*

Tangu hapo Jumatano na Jumamosi Karatu ilimwona Marsela akipita, akiwa juu, miguu haigusi. Wiki mbili za mwanzo watu walitoka kumvizia. Baadaye walichoka, wakaanza kumwuliza barua.

Nyumba ya Qamara ilikuwa kando ya ile njia ya mteremko. Alikaa mlangoni kwake, peke yake, hakuna mtu anayevuka ua. Mama yake alimmiminia unga na maji kutoka juu, hatua kumi nyuma, kama alivyofanya kwa Marsela. Lakini tumbaku Antonia alikataa kuinunua, na rafiki hakuwepo wa kushika pesa iliyotoka kwenye mkono ule. Wiki ya kwanza Qamara aligeuza uso baiskeli ilipopita. Ya pili alitazama. Ya tatu, Jumamosi, alisimama kwenye ua wake.

"Shemeji!"

Marsela akapiga kengele, hakupunguza mwendo.

"Shemeji, nakuomba! Niletee tumbaku kwa Mwamini. Hakuna mwingine anayeweza kunikaribia isipokuwa wewe. Sisi sote tumo!"

Jambo hilo Marsela hakuwa amelifikiria. Na ilikuwa kweli. Wao wawili wangeweza kupeana vitu, mkono kwa mkono, maana wote walikuwa metimani. Na uwanja wa Qamara, ukiacha wa kwake mwenyewe, ulikuwa sasa ndio ardhi pekee ya Karatu ambayo unyayo wake uliruhusiwa kuikanyaga.

Jioni, aliporudi kutoka juu, alipita dukani, akazunguka mara moja, Mwamini akamrushia kifurushi. Kisha akaingia kwa Qamara kupitia mwanya wa ua, baiskeli na yeye, akabana breki katikati ya uwanja. Akabaki amekaa juu.

"Katambuga yangu iko wapi?"

Qamara akaingia ndani, akaitoa. Alikuwa ameushona ule mkanda ulioachia, kwa uzi wa ngozi, vizuri tu. Hakuwa na kazi nyingine ya kufanya.

"Tumbaku," akasema, mkono mbele.

Marsela akaikunja ngumi yake juu ya kifurushi. "Baiskeli ya nani hii?"

Qamara akatazama pembeni, kule ambako mama yake alikuwa amesimama na debe, hatua kumi nje ya ua, amesikia kila kitu.

"Ya kwako."

"Na kazi?"

"Ya kwako."

"Na mimi?"

Kuku wa Qamara alipita kati ya magurudumu.

"Wewe ni wa kwako," akasema.

"Sema kwa sauti. Mama hasikii vizuri, kuna upepo."

"Nasikia," akasema Antonia.

Marsela akampa tumbaku. Akashuka, akakanyaga uwanja wa Qamara kwa miguu yote miwili bila haraka, akaivaa katambuga yake, akaikaza. Kisha akapanda juu ya jiwe la mlangoni kwa shemeji yake, akavusha mguu, akajisukuma, akatoka. Kwake kulikuwa mkono wa kushoto, lakini jua lilikuwa bado lipo. Akakata kulia.